Kisutu, Mkeka na Blanketi la Bibi

Barua ya posa ikishajibiwa, upande wa mwanamke hutoa orodha. Pamoja na fedha ya mahari yenyewe, ndani yake hutajwa nguo: mkaja wa mama, kilemba cha baba au cha mjomba, na kwa familia nyingi zenye asili ya bara, blanketi la babu na blanketi la bibi. Orodha hizo hazifanani. Ya Mbagala si ya Tegeta, na ya Mzaramo si ya Mchaga, ila nguo haikosekani, na mshenga hathubutu kusema imesahaulika. Hata hivyo hakuna mzee atakayeuliza blanketi limefumwa na nani, wala michoro yake inasema nini. Siku hizi mara nyingi hata lenyewe halionekani. Hutolewa fedha, na fedha hiyo ndiyo inayoitwa blanketi.

Kwa Waitneg wa jimbo la Abra, kaskazini mwa kisiwa cha Luzon huko Ufilipino, jambo hilo lingeleta mshangao. Kwao blanketi hufumwa na mwanamke kwenye kitanda cha mfumi nyumbani, na michoro yake ina kazi. Kuna watu, kuna farasi, kuna nyota, na kuna ufumaji uitwao binakol, mistari iliyopindwa hata jicho likaona kimbunga kinazunguka. Kizunguzungu hicho kimekusudiwa, kwani huaminiwa kuwachanganya pepo wabaya. Fay-Cooper Cole, mwanaanthropolojia wa Kimarekani aliyekaa kwao mwaka 1907 na 1908, aliandika kwamba marehemu huketishwa na mablanketi ya thamani hutundikwa kumzunguka. Kwa watu hao vitu vitatu vimekaa pamoja katika nguo moja: mkono unaofuma, nakshi inayotambulika, na tukio linaloipa nakshi hiyo kazi.

Dar es Salaam navyo vipo vyote vitatu, ila kila kimoja kimehamia kwake. Mkono umebaki kwenye mkeka. Nakshi imekwenda kwenye kanga inayochapwa kiwandani. Kazi ya nguo katika maisha ya mtu imebaki kwa anayeitoa na anayeipokea. Ninadhani ndiyo maana maswali yetu kuhusu nguo za asili huishia katika malalamiko: tunatafuta kitu kimoja mahali ambapo vimekuwa vitatu kwa zaidi ya miaka mia.

Tuanze na mkono, maana kuna wanaoamini kwamba huku hakukuwahi kuwa na wafumaji. Walikuwapo. Mwanaakiolojia Neville Chittick alipochimba magofu ya Kilwa miaka ya 1960 alikuta vijigurudumu vya kusokotea nyuzi za pamba, vingi vikiwa vimechongwa kutokana na vigae vya vyungu vilivyovunjika. Msafiri Ibn Battuta, aliyepita Mogadishu mwaka 1331, alitaja nguo zilizofumwa pale na kupelekwa hadi Misri. Mreno Duarte Barbosa, mwanzoni mwa karne ya 16, aliandika habari ninayoipenda kuliko zote. Watu wa Sofala, katika Msumbiji ya leo, walifuma pamba nyeupe lakini hawakuwa na ujuzi wa kuitia rangi, basi walinunua nguo za buluu kutoka Cambay huko India, wakazifumua uzi mmoja mmoja, kisha wakazifuma upya pamoja na uzi wao mweupe. Huyo si mtu aliyekosa nguo ya kuvaa. Ni mtu aliyekuwa na nakshi kichwani na hakuridhika mpaka aione. Barani vilevile, mpelelezi Mwingereza Richard Burton alipofika Unyamwezi mwaka 1857 aliwakuta wafumaji na vitanda vyao, na Ufipa kulikuwa na ufumaji wa pamba uliojulikana mbali.

Kilichowamaliza ni bei. Mwaka 1833 Sultani Seyyid Said alitia saini mkataba wa biashara na Marekani, na katika miaka iliyofuata meli za Salem zikamwaga Unguja kitambaa cha pamba kilichofumwa kwa mashine huko Massachusetts. Pwani nzima ikakiita merikani. Kilikuwa kigumu, cheupe, cha kipimo kinachojulikana, na misafara ya pembe za ndovu ikakifanya fedha. Mfumi wa Tabora aliyemaliza siku nyingi kwa shuka moja alishindana na kitambaa ambacho kwa wakati huohuo kilikuwa nguo na noti. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vilikata mzigo huo, lakini nafasi yake haikurudi kwa mfumi wetu. Iliingia Bombay na Manchester.

Halafu Wajerumani wakaja na shauri la ajabu zaidi: limeni pamba, lakini si ya kufuma. Mashamba ya pamba ya kulazimishwa kusini mwa Dar es Salaam ndiyo yaliyowasha Vita vya Majimaji. Julai 1905, Wamatumbi wa Nandete, katika milima ya Kilwa, waling'oa mipamba. Tangu hapo mkulima wetu amelima pamba kwa ajili ya nguo anayoinunua ikitoka ng'ambo, na hata leo sehemu kubwa ya pamba ya Kanda ya Ziwa husafirishwa ikiwa nyuzi ghafi.

Kanga ilizaliwa katikati ya mambo hayo. Masimulizi ya pwani yanasema wanawake walinunua leso za mraba zikiwa bado hazijakatwa kutoka katika jora, wakazishona sita pamoja, tatu juu na tatu chini, kupata shuka yenye mpangilio wa kwao. Ikifika miaka ya 1880 wafanyabiashara walikuwa wameelewa na kuagiza shuka nzima iliyochapwa hivyo tayari. Viwanda vya Uingereza, Uholanzi, India, na baadaye Japani vilichapa, lakini kupanga ilikuwa kazi ya Unguja na Mombasa. Mwanahistoria Laura Fair ameonyesha jinsi wanawake wa Unguja waliotoka utumwani baada ya amri ya mwaka 1897 walivyoacha merikani na kaniki, nguo za mtumwa, wakavaa kanga. Hivyo kanga kwa asili yake haikuwa nguo ya mababu. Ilikuwa nguo ya kuachana na walichovalishwa mababu. Anayeiita vazi letu la jadi hakosei, mradi akumbuke jadi hiyo ilinunuliwa dukani kwa makusudi.

Umbo lake halijabadilika sana. Ni kipande kama cha mita moja na nusu kwa mita moja na kidogo, kinachouzwa kwa doti, yaani vipande viwili. Kina pindo pande zote nne, mji katikati, na jina chini ya mji. Jina halikuwapo mwanzoni. Lilianza kuandikwa mwanzoni mwa karne ya 20, kwanza kwa herufi za Kiarabu, baadaye kwa za Kirumi. Duka la Kaderdina Hajee Essak la Mombasa, lililoanza mwaka 1887 na ambalo kanga zake zimeandikwa Mali ya Abdulla mpaka leo, ndilo linalotajwa sana katika habari za mwanzo wa majina hayo.

Hapo ndipo ninapoona mabadiliko makubwa ambayo hatuyazungumzii. Jina liliimeza nakshi. Muulize muuza kanga wa Mtaa wa Uhuru, au wa soko la Tandika, mteja wake anaulizaje. Anauliza kwa jina: nipe ile ya Wema Hauozi, nipe ile ya Japo Sipati Tamaa Sikati. Kanga dukani hukunjwa jina likae nje, liweze kusomwa bila kufunuliwa. Mji unaweza kuwa korosho, mnazi, jogoo, ua la mkarafuu, au hata taa ya chemli, na mnunuzi asitaje hata mara moja. Wataalamu nao wamefuata njia hiyohiyo. Saida Yahya-Othman aliandika mwaka 1997 kuhusu majina ya kanga na sauti ya mwanamke, na Rose Marie Beck akatoa mwaka 2001 kitabu kizima kuhusu maandishi juu ya kanga. Kazi zote mbili ni nzuri, na zote zimekaa kwenye maneno. Hoja ya Beck ina nguvu: kanga husema bila kumtaja anayeambiwa, na mwenye kuivaa anaweza kukana. Jirani akiuliza kijembe hiki cha nani, jibu lipo tayari, mimi nimependa rangi tu.

Jibu hilo linanichekesha kila nikilifikiria, kwa sababu lina ukweli ambao msemaji mwenyewe haukusudii. Rangi kweli ina habari yake, na ushahidi mkubwa ni kisutu.

Kisutu ni kanga ya rangi tatu, nyekundu, nyeusi na nyeupe, yenye mpangilio wa vijiraba na madoa ambao umechapwa vilevile kwa vizazi. Hutambulika kabla jina lake halijasomwa. Ndiyo kanga ya bibi harusi wa pwani. Ndiyo inayotolewa mwali anapofundwa, na mama mzaa bibi harusi wa Temeke atazunguka maduka mpaka aipate, hata kama zipo doti nyingine nzuri na za bei nafuu. Hapa nakshi bado inafanya kazi ya nakshi.

Kwa nini hii ikabaki hai na nyingine zikawa pambo? Sehemu ya jibu iko Bunju, mwisho wa Kinondoni kwa upande wa Bagamoyo. Leo Bunju ni viwanja vilivyopimwa, kuta za matofali na vituo vya daladala. Mwishoni mwa miaka ya 1960 kilikuwa kijiji cha Wazaramo, na Marja-Liisa Swantz, Mfini, alikaa huko miaka kadhaa, kisha akatoa mwaka 1970 kitabu juu ya mila na ishara zao. Alieleza unyago wa mwali, mti wa mkole, na kazi ya rangi hizo tatu katika tiba na katika makuzi. Nyekundu ilihusishwa na damu na uzazi, nyeusi na hatari na giza, nyeupe na usafi na heri. Rangi hizo zilikuwa kwenye udongo na unga, kwenye makaa na shanga, kabla mchapaji yeyote wa Manchester hajachora kisutu. Simaanishi kwamba kisutu kilibuniwa ngomani. Nasema kilipofika kilikuta kiti kimeandaliwa. Kungwi alikuwa tayari na maelezo ya rangi hizo, na maelezo hayo yalirudiwa mdomoni kila mwali mpya alipoingia ndani. Nakshi ya korosho haikupata kungwi. Ilibaki ikipendeza tu.

Nchi nyingine zinaonyesha kwamba kuchapwa au kufumwa kiwandani hakuui maana. Wabasotho wa Lesotho wanavaa mablanketi ambayo hayafumwi vijijini kwao hata kidogo. Hutoka kiwandani, na kwa muda mrefu yametoka Afrika Kusini. Lakini kila mtu mzima anajua gunzi la hindi kwenye blanketi la Seanamarena linahusu rutuba na neema, na anajua blanketi lipi ni la siku gani. Shuka la Kimaasai nalo ni la kiwandani, na kampuni ya Louis Vuitton ilipoonyesha miraba yake kwenye mavazi ya kiume ya mwaka 2012 dunia nzima ilijua imechukuliwa kwa nani. Hakuna aliyeuliza kiwanda kiko wapi. Nguo huwa ya wanaoijua.

Nasi tulikuwa na viwanda. Kiwanda cha Urafiki, kilichojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 1968 kando ya Barabara ya Morogoro, kilikuwa Kinondoni kabla Ubungo haijawa manispaa yake. Kilisokota, kikafuma, kikatia rangi na kuchapa ndani ya uzio mmoja. Upande wa Temeke, Barabara ya Kilwa, kulikuwa na Karibu Textile Mills ya Mbagala, iliyojulikana zaidi kwa herufi KTM. Kwa nyumba nyingi za jiji hili, kanga ya Urafiki ndiyo iliyopokea watoto waliozaliwa miaka ya 1970 na 1980. Viwanda hivyo pia vilichapa historia: miaka ya uhuru, chama, wageni wa taifa, msiba wa Mwalimu mwaka 1999. Kwenye kanga hizo picha ilirudi mjini kwa nguvu, na mji ukabeba Mwenge wa Uhuru, ramani ya nchi, uso wa kiongozi. Bibi aliyejaza sanduku lake kanga hizo amehifadhi kumbukumbu ambayo maktaba nyingi hazina. Kwa upande mwingine, picha ya namna hiyo ilikuwa ikijieleza yenyewe, haikuhitaji mtu wa kuifundisha, na ilipopitwa na wakati ikawa kitambaa cha kudekia.

Kuanzia miaka ya 1990 soko likafunguliwa. Urafiki iliingia ubia na Wachina, na kanga za India na China zikajaa Kariakoo, nyingine nyepesi hata kuonyesha mwanga, nyingine zikiwa zimechanganywa na poliesta zisifyonze jasho wala maji. Mama yeyote aliyewahi kumbeba mtoto kwa mbeleko anajua tofauti kwa kugusa tu. Hilo ni suala la viwanda na ushuru, limeandikwa sana, na sina la kuongeza. Linalonihusu ni dogo zaidi: aliyechora mji wa kanga siku hizi anaweza kuwa yuko mbali sana na yeyote atakayeivaa. Anaangalia kanga ya zamani, ananakili pindo, anabadili rangi. Kisutu kimenusurika kwa sababu wanunuzi hukikataa kikibadilishwa. Zilizobaki hazina mlinzi wa aina hiyo.

Mkono, basi. Ukitaka kumwona mtu anayetengeneza nakshi kwa vidole vyake katika jiji hili, usimtafute kwenye nguo. Mtafute kwenye ukindu. Mikeka inayouzwa Mbagala Rangi Tatu na kwenye masoko ya Temeke hutoka Rufiji, Mkuranga na Kisarawe, na mingine husukwa hapahapa na wanawake waliohamia na ujuzi wao. Majani machanga ya mkindu hukatwa, huanikwa mpaka yawe meupe, huchanwa vipande vyembamba, na vingine huchemshwa katika rangi za unga zinazonunuliwa dukani, nyekundu, zambarau, kijani, nyeusi. Kisha husukwa ukili, mkanda mrefu wa upana wa vidole kadhaa, ambao msukaji huuviringisha kadiri unavyorefuka. Ukili ukitosha hushonwa ubavu kwa ubavu mpaka mkeka upatikane.

Nakshi katika kazi hiyo haichorwi. Huhesabiwa. Kila kipande cha rangi kinapita juu ya vingapi na chini ya vingapi, na kosa la kipande kimoja huonekana mkono mzima mbele yake. Msukaji hana karatasi. Anayo hesabu vidoleni, na mara nyingi anaifanya huku akizungumza na wageni. Paulus Gerdes, mwanahisabati aliyefanya kazi Msumbiji, aliona jambo hilohilo kwenye vikapu vya Inhambane viitwavyo sipatsi. Aliorodhesha nakshi za mikanda yake na kuzichambua kama hisabati, akatoa kitabu mwaka 1994. Ukili wa Rufiji unastahili kazi kama hiyo, na msukaji wa Mbagala hayuko mbali na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ni safari ya daladala mbili.

Mkeka ulikuwa na matukio yake. Bibi harusi alitandikiwa mkeka mpya. Mswala ulisukwa mzuri kuliko mkeka wa kulalia. Msibani wanawake huketi juu ya mikeka na majamvi, na maiti hulazwa juu ya mkeka. Mambo hayo hayajatoweka, ila mkeka wa plastiki umeingia karibu kote, na sidhani ni haki kumlaumu anayeununua. Ni mwepesi, unaoshwa kwa maji, haushikwi na ukungu wakati wa masika katika chumba kimoja cha kupanga cha Tandale, na hauhitaji mtu wa kuurudishia ukili uliokatika. Kitakachopungua zaidi ni sababu ya binti kukaa na shangazi yake kujifunza hesabu ile, kwa kuwa malipo ya mkeka mmoja wa wiki nzima hayashindani na kuuza vocha barabarani. Wasukaji walioona njia wameanza kusuka mikoba, vikapu na vitambaa vya meza kwa watalii wa maduka ya Mwenge na Masaki. Kipato kinapatikana. Nakshi nazo hubadilika kumfuata mnunuzi, ambaye mara nyingi anataka rangi zilizopoa.

Wakati huohuo kuna jambo linalotokea kwenye kanga ambalo sikulitarajia. Vijembe vinahama. Mwanamke wa Temeke mwenye neno la kumfikishia jirani hahitaji tena kusubiri doti mpya ifike Kariakoo. Analiandika kwenye stetasi ya WhatsApp asubuhi, na kufikia adhuhuri mtaa mzima umeshalisoma na yeye ameshalifuta. Kukana kwake ni kulekule kwa zamani, ila hakumgharimu kitu. Madera na vijora, vinavyovaliwa nyumbani mahali ambapo kanga ilitawala, havina jina kabisa. Kwenye shughuli, kamati ya akina mama inapochagua sare, mjadala unaanza na rangi, unafuata upatikanaji wa doti za kuwatosha wote, na jina huja mwisho, mradi lisiwe la kumtukana mwenye shughuli. Picha za kanga zinazozunguka kwenye simu kabla ya harusi huonyesha mji na pindo, na mara nyingi maandishi yamekatwa na ukingo wa picha. Wanaobishana kwenye makundi hayo wanaanza kutumia tena maneno ya umbo: ile ya maua makubwa, ile ya vidoa, ile ya pindo jeusi, ile ya koroshokorosho.